Muda Unapotelea Wapi: Kutoka Daftari la Stesheni ya Kahe hadi perf na pprof

Stesheni ya Kahe imekaa tambarare, kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, mahali ambapo maji ya Kilimanjaro yakishashuka hutulia na kumwagilia mpunga na mahindi. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893, na iliwachukua miaka 18 kufika Moshi, mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza nao wakajenga tawi lao kutoka Voi kupitia Maktau na Taveta, reli ikiwafuata askari nyuma. Machi 21, 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipambana na ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck hapo Kahe. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, na mwaka huohuo njia ya Voi ikaunganishwa na ya Tanga. Kahe ikawa makutano.

Reli ya njia moja ina sharti lake: treni mbili hazipishani ila stesheni. Ndiyo maana mkuu wa stesheni hawezi kufanya kazi bila daftari. Kila treni inaandikwa namba yake, saa iliyofika na saa iliyoondoka. Abiria akiteremka Moshi amechelewa saa mbili, atakwambia injini ilikuwa mbovu, au mlima uliishinda. Anasema anachodhani. Daftari za stesheni zikiwekwa pamoja mezani ndizo zinazoonyesha kwamba treni ilikimbia vizuri njia nzima, ila ilisimama muda mrefu Kahe. Na huko kusimama Kahe hakumaanishi kosa ni la Kahe. Yawezekana ilikuwa inaisubiri treni ya Voi, na treni ya Voi ndiyo iliyochelewa. Kwa hiyo maswali ni mawili: muda ulitumika wapi, na ulitumika kwa sababu ya nani. Maswali hayohayo mawili ndiyo yaliyowasumbua waandishi wa programu za kompyuta kwa zaidi ya miaka 50, na historia ya vyombo vinavyoyajibu ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa, kwa sababu vyombo hivyo leo ni bure na viko karibu yetu kuliko tunavyodhani.

Kompyuta zenyewe zilifika mapema Afrika Mashariki mikononi mwa watu wa reli. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kusimamia stesheni zote kuanzia Kampala hadi Tanga, Kahe ikiwemo, lilikuwa na makao makuu yake Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa miongoni mwa wa kwanza katika eneo hili kufunga kompyuta, mashine ya kampuni ya Kiingereza ya ICT iliyokula kadi zilizotobolewa. Tanzania ilipata ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, nayo ilikuwa ya kampuni hiyohiyo, aina ya ICT 1500. Kwenye mashine za namna ile muda wa programu ulipimwa kwa saa ya ukutani: kazi imeanza saa ngapi, imekwisha saa ngapi. Kilichotokea katikati hakuna aliyekiona. Mwandishi wa programu alikuwa katika hali ya yule abiria wa Moshi.

Aliyelionyesha tatizo hili kwa takwimu ni Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Yeye na wenzake hawakuuliza watu wanaandikaje programu. Walikwenda kutazama programu zenyewe, nyingine wakiziokota kwenye mapipa ya karatasi zilizotupwa katika kituo cha kompyuta cha chuo. Wakazipima, wakihesabu kila mstari unatekelezwa mara ngapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971 yalikuwa ya kushtua: chini ya asilimia 4 ya programu, kwa kawaida, ilimeza zaidi ya nusu ya muda wote. Maana yake ni kwamba mtu anayekaa wiki nzima akiboresha mistari anayoihisi kuwa mizito, ana uwezekano mkubwa wa kuboresha ile asilimia 96 isiyo na uzito mkubwa. Knuth alipendekeza kwamba hesabu ya namna hii iwe jambo la kila siku kwa kila anayeandika programu. Nadhani hilo ndilo lililokuwa muhimu kuliko takwimu yenyewe.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, mfumo wa Unix uliokuwa ukitengenezwa Bell Labs tayari ulikuwa na amri fupi iitwayo prof. Ulikuwa unaendesha programu yako, inaacha faili nyuma yake, kisha unaandika prof na orodha inatoka: kila sehemu ya programu na muda iliyoutumia. Julai 1974 Dennis Ritchie na Ken Thompson walichapisha makala iliyoitangaza Unix kwa dunia ya wataalamu.

Mwaka huohuo wa 1974 Tanzania ilifunga mlango. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini bila kibali maalumu. Haikuwa chuki dhidi ya elimu. Mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikuwa umegharimu fedha nyingi na kuleta mkanganyiko badala ya nafuu, wataalamu walikuwa wachache, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Ukiangalia hali ya miaka ile, uamuzi unaeleweka. Lakini gharama yake tuitaje bila kuuma maneno: marufuku hayo yalianza kulegea miaka ya 1980, na kizazi ambacho kingejifunza kupima programu kwa kuanzia na prof hakikupata mashine ya kujifunzia. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika mwaka 1977, shirika la reli likagawanywa, na kompyuta zilizokuwa makao makuu zikabaki Nairobi.

Huko Berkeley, California, kazi iliendelea. Susan Graham alikuwa akiwaongoza wanafunzi waliokuwa wakiandika kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo alioandika mtu kuwa maagizo ya mashine. Wawili kati yao walikuwa Peter Kessler na Marshall Kirk McKusick. Programu yao ilikuwa kubwa na imeandikwa kwa nidhamu: sehemu ndogondogo nyingi, kila moja na kazi yake, zikiitana. Walipoipima kwa prof, jibu lilikuwa la kweli lakini halikuwafaa. Prof iliwaambia muda mwingi uko kwenye sehemu ya kutafuta jina katika jedwali. Sawa, lakini sehemu hiyo inaitwa na sehemu nyingine nyingi. Ni nani kati yao anayeiita kupita kiasi? Prof ilikuwa kama daftari la Kahe peke yake, bila daftari la Voi.

Jibu lao lilikuwa gprof, waliyoieleza katika mkutano wa wataalamu wa kompaila mwaka 1982. Ilifanya kazi kwa njia mbili zilizounganishwa. Kwanza, wakati programu inaendeshwa, saa ya mashine iliikatiza mara nyingi kila sekunde, na kila mara ikaandika programu ilikuwa wapi wakati huo. Hiyo ni sampuli, na sampuli zikiwa nyingi zinatoa picha ya kuaminika bila kuichosha programu. Pili, kompaila iliweka maagizo machache mwanzoni mwa kila sehemu ili irekodi nani ameiita, na mara ngapi. Mwisho wa safari kila kitu kiliandikwa kwenye faili liitwalo gmon.out. Kisha gprof ikachukua muda wa kila sehemu na kuurudisha juu, ikiwagawia walioiita kulingana na idadi ya miito yao, na hao wakawarudishia waliowaita wao, mpaka kileleni. Sasa mtu aliweza kusoma katika karatasi moja muda wa sehemu yenyewe na muda wa kila sehemu iliyoitwa nayo.

Ukiiendesha gprof leo kwenye Linux, katika toleo lililoandikwa upya kwa ajili ya mradi wa GNU mwaka 1988, jambo la kwanza kwenye skrini ni taarifa kwamba kila sampuli ni sekunde 0.01. Chini yake kuna safu: asilimia ya muda, sekunde zinazojumlishwa kwenda chini, sekunde za sehemu yenyewe, idadi ya miito, na jina mwishoni. Ukurasa unaofuata ndio wa ukoo wa miito. Kila sehemu ina kifungu chake: waliomwita wako juu ya jina lake, aliowaita wako chini, na mwenyewe katikati amewekewa namba kwenye mabano ya mraba. Mtu akishazoea kusoma kifungu kimoja, amezoea vyote.

Gprof ilikuwa na kasoro, na ni vizuri mwanafunzi aijue mapema. Ilichukulia kwamba kila mwito wa sehemu fulani unagharimu sawa na mwingine. Kama sehemu iliitwa mara 99 kwa kazi nyepesi na mtu mmoja, na mara moja kwa kazi nzito na mwingine, gprof ilimtupia wa kwanza karibu lawama yote. Wastani ulimfunika mwenye kosa. Ilichukua muda kabla vyombo vya kawaida havijaacha kugawa kwa wastani na kuanza kurekodi mnyororo mzima wa miito kila sampuli inapochukuliwa.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka. Prosesa za Pentium zilikuja mwaka 1993 zikiwa na kaunta ndani yake zinazohesabu matukio ya kweli ya mashine. Tanzania ilipewa anwani yake ya intaneti, .tz, mwaka 1995, wakati ambapo kuunganishwa kulikuwa kwa simu za kupiga na kwa satelaiti, ghali na kwa kusuasua.

Mwaka ambao kila kitu kilikutana ni 2009. Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza nchi ikawa na njia ya nyuzi kuelekea duniani. Septemba, Linux 2.6.31 ilitoka ikiwa na chombo kipya kilichoanzishwa na Thomas Gleixner na Ingo Molnár, ambacho leo kinaitwa perf, ndani ya mfumo wenyewe, bila malipo. Novemba, Google ilitangaza lugha ya Go, na baadaye Go ikapata chombo chake cha kusomea vipimo, pprof. Sidhani kama kuna aliyeyaona hayo matatu kuwa jambo moja wakati ule. Lakini kwa kijana wa Afrika Mashariki mwenye kompyuta ya mkononi, ndani ya miezi mitano vyombo vilianza kutokea pamoja na njia ya kuvifikia.

Namna pprof inavyosomwa ilionyeshwa vizuri kuliko mahali pengine popote mwaka 2011, na kisa chake kinastahili kusimuliwa polepole. Robert Hundt wa Google alikuwa amelinganisha lugha nne, C++, Java, Go na Scala, kwa programu ileile ya kutafuta vitanzi ndani ya msimbo. Go ilionekana nzito. Russ Cox, mmoja wa wajenzi wa Go, hakuanza kwa kujitetea. Aliichukua programu ya Go na kuipima. Ilitumia sekunde 25.20, na kwa kuwa sampuli zilichukuliwa 100 kwa sekunde, faili la vipimo lilikuwa na sampuli 2,525. Alifungua pprof na kuandika top10.

Orodha iliyotoka haikuonyesha adui mmoja. Sehemu ya juu kabisa ilikuwa na sampuli 298 tu, chini ya asilimia 12, na haikuwa sehemu aliyoiandika mwandishi wa programu. Ilikuwa ndani ya Go yenyewe, ile inayotafuta kitu kwenye jedwali la funguo. Msomaji wa haraka angelalamika kwamba lugha ni mbovu. Cox akapanga orodha upya kwa muda wa jumla badala ya muda wa sehemu yenyewe, akaona miito mingi ya jedwali inatoka wapi, kisha akaandika list na jina la sehemu hiyo. Amri ya list inaleta msimbo wenyewe mstari kwa mstari, na pembeni ya kila mstari idadi ya sampuli. Hapo kosa likaonekana kwa macho: programu ilikuwa inatafuta vitu kwenye jedwali la funguo wakati kila kitu tayari kilikuwa na namba yake ya mpangilio, ambayo ingetosha kukipata moja kwa moja kwenye safu ya kawaida. Alibadilisha hilo tu. Sekunde zikashuka hadi 16.69.

Akapima tena, na orodha sasa ilikuwa nyingine. Juu kabisa kulikuwa na kazi ya kugawa na kusafisha kumbukumbu. Akachukua vipimo vya kumbukumbu badala ya vya prosesa, akafuata njia ileile ya top na list, akakuta programu inaunda majedwali na safu mpya kila mzunguko na kuzitupa. Akapunguza takataka hizo hatua kwa hatua, akipima baada ya kila hatua. Programu ya mwisho ilitumia sekunde 2.29. Ilikuwa karibu mara 11 haraka zaidi, kwa lugha ileile na mashine ileile. Kazi yote ilikuwa amri chache na uvumilivu wa kusoma.

Mwaka huohuo Brendan Gregg, aliyekuwa akichunguza hifadhidata ya MySQL iliyokuwa nzito, alikusanya minyororo ya miito na kupata maandishi ya mistari zaidi ya laki 5. Hakuna anayeweza kusoma kiasi hicho. Akabuni mchoro wa miali, ambapo kila mnyororo unakuwa mnara na upana wake ni muda. Mchoro huo umeenea dunia nzima na unastahili. Gregg ndiye pia aliyewafundisha wengi kuchukua sampuli 99 kwa sekunde badala ya 100, ili kipimo kisije kikatembea sambamba na shughuli inayofanyika kila sehemu ya mia ya sekunde na kuikuta kila mara, au kuikosa kila mara.

Hata hivyo, mimi ni mtetezi wa maandishi, na sababu yangu inatokana na mahali. Chukua kijana wa Kahe Mashariki anayeangalia seva iliyoko Dar es Salaam kwa intaneti ya simu. Tuseme ni programu inayosoma vipimo vya maji ya mito kila siku na kutoa taarifa, nayo imeanza kuzorota. Anaingia kwa ssh, anatafuta namba ya programu inayoendelea, tuseme 2417, kisha anaandika perf record -F 99 -g -p 2417 -- sleep 30. Anasubiri nusu dakika. Faili la perf.data linabaki kulekule kwenye seva, hata kama ni kubwa. Anaandika perf report --stdio --no-children, na kinachosafiri kuja Kahe ni herufi tu, kilobaiti chache ambazo hata mtandao wa kusuasua utazibeba. Mstari wa juu unamwambia asilimia 61 ya sampuli ziko kwenye kazi ya kugeuza maandishi kuwa tarehe. Anashuka mnyororo: nani anaiita? Sehemu yake mwenyewe, inayogeuza tarehe ileile upya kwa kila kipimo cha siku hiyo. Ametumia dakika moja, na hakugusa msimbo wala kusimamisha huduma.

Kuna mambo mawili yatakayomkwaza. Akiona namba ndefu zisizo na majina badala ya majina ya sehemu, ni kwa kuwa programu ilitengenezwa bila alama zake; aitengeneze upya akiziacha. Na akiona mnyororo unakatika katikati, aelewe kwamba kwa miaka mingi kompaila ziliacha kuhifadhi kielekezi cha fremu, yaani alama inayosaidia kufuata nani ameita nani, ili kuokoa nafasi ndogo ndani ya prosesa. Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilikirudisha mwaka 2023 na Ubuntu ikafuata katika toleo la 24.04, kwa sababu watu walichoka kuwa na vipimo visivyosomeka.

Lipo pia jambo la tatu, kubwa zaidi. Sampuli za prosesa zinaonyesha kazi tu; kusubiri hazikuonyeshi. Kenya ilipoeneza mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kutumia seva moja ya kitaifa kupitia intaneti, kikwazo kilikuwa njia ya kuifikia seva: muunganisho wa ofisi za wizara haukutosha kubeba wilaya zote. Uamuzi ulikuwa kukodi seva kwenye wingu, nje ya nchi. Hapo perf isingesaidia kitu, kwani ingeonyesha prosesa imetulia. Lakini hata hilo ni jibu. Programu ikiwa nzito na perf inasema prosesa haina kazi, basi toka nje ya msimbo uangalie diski, hifadhidata na mtandao. Umeokoa wiki ya kuandika upya kitu kisicho na kosa.

Moshi ina desturi ndefu ya hesabu zinazokaguliwa. Chama cha ushirika cha KNCU kilianza mwaka 1933 kwa kupima kahawa ya wakulima na kuiandika kwa kila jina, na Chuo cha Ushirika kikafunguliwa hapa mwaka 1963 kuwafunza makarani na wakaguzi. Leo ni chuo kikuu kinachofundisha pia teknolojia ya habari. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha iko mwendo wa saa chache. Wanafunzi wa vyuo hivi wanaandika programu nzuri. Ninachokiona kwa wengi wao, na kinaniuma, ni kwamba programu ikizorota wanaomba seva kubwa zaidi, na taasisi inalipa kwa dola kila mwezi kwa ajili ya kosa la mistari mitatu.

Walimu, iingizeni amri ya perf katika mwaka wa kwanza, palepale mnapofundisha kutafuta makosa, wala isisubiri shahada ya pili. Na wewe unayesoma ukiwa na programu inayokusumbua: kabla hujabadilisha mstari wowote, ipime, andika namba uliyoipata, badilisha kitu kimoja, kisha upime tena. Kama unatumia Go, chombo huja na lugha yenyewe. Kama unatumia Linux, yawezekana tayari unacho. Kama huna, ni furushi moja la kusakinisha, na halina malipo.